Kupima nyasi kabla ya kuingiza ng'ombe: fremu, mizani na bati

Mwezi wa tatu, mzee mmoja wa Kongwa, mkoani Dodoma, aliniita nikaone malisho yake. Ana ekari nne za nyasi ya malisho iitwayo Cenchrus ndani ya uzio wa minyaa, na pembeni vitalu vidogo vya nyasi nyingine mbili, Rhodes aina ya Boma na Brachiaria aina ya Mulato II. Alikuwa na maswali mawili: ng'ombe wake 16 wakae humo siku ngapi, na msimu ujao aongeze nyasi ipi?

Nikapima, nikapiga hesabu, nikamwambia siku 12. Siku ya tisa simu ikaita: "Bwana mifugo, hizo siku 12 umezihesabu kwa kalenda gani? Ng'ombe wanalamba udongo huku."

Nyasi hazikuibwa. Kosa lilikuwa kwenye mfuko niliouacha juani, juu ya pikipiki. Tutafika huko kwenye hatua ya 4, na ukiwa na haraka soma hiyo tu.

Vifaa

Fremu ya mraba, sentimita 50 kwa 50, ya nondo ya milimita 6. Mwambie fundi wa kuchomelea aache upande mmoja wazi ili uisukume katikati ya mashina marefu bila kuyalaza. Wengine hupenda fremu ya mita moja. Mimi siitaki: unakata nyasi nyingi mno, unachoka, unaishia na fremu nne badala ya kumi na tano.

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Ile ya kuning'iniza ya kilo 50, ya kupimia mahindi, haifai kabisa kwa kazi hii. Bahasha kubwa za kaki, mkasi wa bustani na kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa peni unayeyuka bahasha ikipata unyevu.

Hatua ya 1: Gawa eneo

Bondeni na mwinukoni upime kando kando. Ukubwa wa eneo unaujua mwenyewe.

Hatua ya 2: Dondosha fremu

Tembea kwa mshazari toka kona hadi kona. Kila hatua 20 dondosha fremu pale mguu ulipokanyaga. Usichague. Mzee alikuwa ananivuta mkono, "pima hapa, hapa pameshiba," na mimi mwenyewe jicho lilikuwa linakimbilia huko huko. Fremu ikiangukia udongo mtupu, andika sifuri uendelee. Hizo sifuri ndizo zinazokuonyesha shamba lako lilivyo kweli.

Fremu 10 kwa kila sehemu ni kima cha chini, na kama nyasi zimeota mafungu mafungu fanya 20.

Hatua ya 3: Kata

Kata kwa mkasi, si kwa mundu. Mundu huvuta, shina linang'oka na mzizi, mzizi unakuja na udongo, na udongo wa Kongwa una uzito. Rhodes ikate sentimita 5 toka chini. Cenchrus, inayoota kwa mashina ya fungu, iache kama sentimita 10. Urefu wowote utakaochagua, ushike huo huo kwenye fremu zote. Nyasi zilizolala ndani ya fremu lakini zimeota nje ziache. Zilizoota ndani zikalala nje, zikusanye. Magugu ambayo ng'ombe hali, tupa.

Hatua ya 4: Pima mbichi, kisha kausha

Ng'ombe anapokula nyasi changa, sehemu kubwa ya anachomeza ni maji. Kwenye kilo moja ya majani mabichi, maji yanaweza kufika gramu 800, na nyasi ile ile ikikomaa mwezi wa sita ina maji machache sana. Ndiyo maana uzito mbichi hausemi chochote, si kuhusu siku za malisho wala kuhusu nyasi ipi inaishinda nyingine. Tunatafuta uzito mkavu.

Njia rahisi ni kukausha kila ulichokata. Kama una fremu chache na nafasi ya kutosha, fanya hivyo, ruka aya tatu zinazofuata, na utakuwa umeniepuka mimi na makosa yangu.

Lakini fremu 15 za nyasi ni mzigo. Watu wengi hupima uzito mbichi wa kila fremu shambani, kisha huchanganya kila kitu, huchukua sampuli ndogo na kukausha hiyo peke yake. Ukijua sampuli imebaki asilimia ngapi baada ya kukauka, unazidisha. Ni njia nzuri kwa sharti moja: sampuli ndogo ipimwe uzito mbichi pale pale shambani, dakika ile ile mlipopima nyasi zote.

Mimi nilipima fremu zote saa nne asubuhi, nikatia mchanganyiko kwenye mfuko, nikafunga kwenye pikipiki, nikaenda kwa mfugaji mwingine. Saa kumi jioni nikatoa gramu 100 nyumbani. Nilipozikausha zikabaki gramu 25. Nikaandika: asilimia 25.

Sasa angalia. Gramu 100 za jioni, asubuhi zilikuwa kama gramu 125. Maji yalishaanza kutoka juani, na mimi nikaziita mbichi. Ukichukua 25 kwa 125 unapata asilimia 20. Nikazidisha uzito wa asubuhi kwa asilimia ya jioni, nikaongeza malisho ya robo nzima ambayo hayakuwepo. Na kosa hili haliendi pande zote mbili ili lijisawazishe. Siku zote linakuambia una nyasi nyingi kuliko ulizonazo. Nilikesha na daftari usiku mzima nikilaumu fremu, mizani na hata ng'ombe kuwa walafi, kabla sijakumbuka ile safari ya pikipiki.

Mengine ya kuangalia hapa:

Mfuko wa nailoni ni sawa kwa nusu saa ya kubebea, kwa sababu unazuia maji yasitoke. Usikaushie humo. Nyasi zinatoa jasho, zinachacha, zinaota ukungu, na ukungu unakula uzito.

Bahasha tupu nayo ipime kwanza. Bahasha ya gramu 15 kwenye sampuli kavu ya gramu 25 si jambo dogo.

Ukiwa na tanuri ya maabara, nyuzi 65 kwa saa 48, kazi imekwisha. Wengi wetu hatuna. Maikrowevu inafaa: gramu 100 zilizokatwakatwa, kikombe cha maji pembeni ndani yake ili nyasi zisiwake, dakika tatu, pima, kisha sekunde 30, pima tena, hadi uzito usibadilike mara mbili mfululizo. Usiondoke hapo. Nyasi zikishakauka zinawaka haraka, na harufu yake mama wa nyumba ataikumbuka mwezi mzima.

Kijijini kwangu natumia bati. Tandaza sampuli nyembamba juu ya bati juani, funika kwa chandarua, ingiza ndani usiku kwa sababu ya umande, na rudia hadi uzito usimame. Nyasi za juani kwa kawaida hubaki na unyevu wa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo zidisha uzito wa mwisho kwa 0.9. Na weka bati mahali mbuzi hafiki. Sampuli zangu za kwanza kabisa zililiwa na beberu wa jirani, tena alianza na zile za Mulato. Mfugaji akasema basi utafiti umeshajibiwa.

Hatua ya 5: Hesabu

Kwa fremu ya sentimita 50 kwa 50, kila gramu moja ya wastani mkavu ni kilo 40 kwa hekta. Usisahau kuziingiza zile sifuri kwenye wastani.

Shamba la mzee: nilipata wastani wa gramu 45, sawa na kilo 1,800 kwa hekta. Ekari nne ni hekta 1.6, kwa hiyo kilo 2,880. Kwa ukame wa kwetu ng'ombe wapewe asilimia 40 tu, iliyobaki ilinde shina na udongo: kilo 1,152. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 240 anakula kwa siku kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 kavu. Ng'ombe 16 ni kilo 96. Gawanya, unapata siku 12.

Sasa weka ukweli: gramu 36 badala ya 45. Kilo 1,440 kwa hekta, mara 1.6, mara 0.4, gawa kwa 96. Siku 9.6. Mzee hakuhitaji mizani kulijua hilo.

Hatua ya 6: Kulinganisha aina za nyasi

Vitalu vya mzee havikuwa jaribio. Mulato ilikaa karibu na karo la maji, Boma juu kwenye changarawe. Ukitaka kujua ipi bora, kila aina iwe na vitalu visivyopungua vitatu, vilivyopangwa kwa kura, vikatwe siku moja, na ukate katikati. Nyasi za ukingoni hupata nafasi na mwanga zaidi. Tenganisha pia majani na mashina ukaushe mbali mbali. Aina mbili zinaweza kulingana uzito mkavu, moja ikawa majani na nyingine mikongojo.

Kuhusu mbegu, watu wanachanganya mambo. Rhodes huchavushana, kwa hiyo Boma, aina iliyotokana na kazi ya utafiti wa Kitale nchini Kenya, ukiipanda karibu na Rhodes nyingine, mbegu unayovuna si Boma tena. Cenchrus kwa sehemu kubwa huzaa mbegu bila yai kurutubishwa, mtoto ni mama yule yule. Mulato II ni chotara, na wengi hudhani itaharibika kama mahindi chotara. Haiharibiki, nayo hujizaa vile vile. Tabia hiyo ndiyo iliyowakwamisha watafiti kuchanganya Brachiaria, mpaka miaka ya 1980 Wabelgiji walipotumia kolkisini, kemikali ya kuzidisha kromosomu, kupata Brachiaria ruziziensis yenye kromosomu maradufu na inayozaa mbegu kwa yai kurutubishwa. Kazi ikaendelea CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha kitropiki huko Kolombia, kwa kutumia pia nyasi zilizokusanywa Afrika Mashariki. Zimeturudia na jina la Kihispania.

Shida ya Mulato II ni mbegu chache zilizojaa, kwa hiyo ongeza kwa kugawa mashina. Na inataka mvua kuliko tunayopata. Nilimwambia mzee aiweke pale kwenye karo kwa ajili ya ndama, na ekari zibaki Cenchrus. Hilo ni jicho langu, si kipimo.

Hatua ya 7: Ingiza, toa

Ingiza asubuhi wakiwa wameshakunywa maji. Hesabu ni ya kupangia tu, kwa hiyo kila jioni pita uangalie. Cenchrus ikifika kimo cha kiganja, toa, hata kama daftari linasema bado siku mbili. Kurudi subiri majani mapya, usisubiri tarehe.