Umeachiwa raifo ya zamani na risasi zake hazipatikani? Anzia hapa

Hili swali linarudi kila mara huku Arusha na Moshi. Mzee kafariki, kaacha raifo ya tangu enzi za masetla, kwenye sanduku la chuma kuna risasi chache zimeota kutu ya kijani, ukienda duka la silaha wanakwambia hiyo saizi hatuna na hatujawahi kuwa nayo. Halafu kijana wa nyumbani kaona video za Wamarekani wanajaza maganda upya gereji kwao anauliza kwa nini na sisi tusijaze. Usijaze bwana. Kwa sheria yetu ya silaha na risasi ya 2015 kutengeneza risasi bila leseni ya kazi hiyo ni kosa, na hata sheria ingeruhusu, kwa bunduki ambayo hujui kaliba yake, yaani saizi ya risasi inayokula, kwa uhakika ungekuwa unabahatisha na uso wako mwenyewe. Kazi kubwa hapa ni kuijua bunduki, risasi utatafuta baadae.

Kabla ya yote nenda polisi. Leseni ni ya mtu, haihami pamoja na shamba na ng'ombe, kwahiyo mwenye nayo akishafariki familia inatoa taarifa na silaha inakabidhiwa polisi, ndipo msimamizi wa mirathi anaomba kwa jina la anayetaka kuimiliki. Usikae nayo miezi chini ya kitanda ukisubiri arobaini ipite na ndugu wa Dar wafike. Na kama ni ile inayojipakia yenyewe kila ukifyatua, yaani nusu otomatiki, waambie mapema, kwasababu maswali yake ni mengine kabisa na usije ukashangaa ukinyimwa.

Haya, kuijua bunduki. Watu wengi wanasoma jina lililochongwa kwenye mtutu basi wanaridhika, Mauser, BSA, Westley Richards. Hilo ni jina la kiwanda tu. Mauser peke yake zimetengenezwa kwa kaliba nyingi mno, na bunduki ya miaka mia inaweza kuwa imebadilishwa mtutu mara mbili bila karatasi yoyote. Fundi wa silaha mwenye leseni anafanya vitu viwili: anasukuma kipande cha risasi laini, ile metali ya lead, kwenye mtutu mtupu kikitoka anakipima kwa vernia, kile kipimo cha vitu vidogo, halafu anamimina kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, metali maalum inayoyeyuka kwa joto dogo, ikiganda anaitoa na kupima urefu, shingo na mdomo. Vipimo hivyo ndio jina halisi la bunduki yako. Lipia hiyo kazi, usibishane bei.

Mfano mzuri ni Mauser za milimita 8 walizokuja nazo Wajerumani, na ukanda huu kuanzia Usa River mpaka Sanya Juu walikuwa na mashamba kabla ya 1914 kwahiyo sio ajabu kuzikuta. Ganda ni lile lile la urefu wa milimita 57, ila risasi yenyewe, kile kichwa kinachoruka, ziko mbili. Ya zamani ina kipenyo cha milimita 8.07, halafu kati ya 1903 na 1905 jeshi lao likahamia ya 8.20 hivi yenye kichwa chenye ncha. Hiyo mpya inaingia vizuri kabisa kwenye chemba za bunduki nyingi za zamani, bolti, kile chuma cha kufunga chemba kwa nyuma, inafunga, hakuna kitakachokuonya, ukifyatua mgandamizo unapanda kupita kiasi kwenye chuma cha zaidi ya miaka 120. Unaona tofauti yenyewe, ni unene wa karatasi mbili za daftari hivi. Ndio maana nikisikia mtu anasema imeingia ina maana ni yake huwa napandwa na hasira.

Ukiwa na maganda matupu aliyoacha mzee, hayo ni msaada mkubwa. Geuza kitako uangalie maandishi kwa kioo cha kukuzia, futa kwa kitambaa tu, usipige msasa. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, aliandika jina lake na mara nyingi kaliba pale pale, 404, 318, 303. DWM, kiwanda cha Ujerumani, anakuchanganya kwasababu namba iliyopo huwa ni ya orodha ya kiwandani na wala sio kaliba, watu wanaibeba mpaka dukani wanachekwa. Angalia pia umbo: ganda la .303 lina ukingo uliotokeza nje kwenye kitako na urefu wa milimita 56, la 9.3x62 halina ukingo uliotokeza, lina mfereji tu. Hiyo 9.3x62 aliibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikapendwa sana na walima mashamba na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani Afrika.

Yale yenye risasi bado ndani usiyaguse kwa koleo, usipashe moto, usiyapige msasa yang'ae ili upige picha. Baruti ya Waingereza ya zamani iliitwa kordaiti, ni vijiti vyembamba kama tambi, na shaba ikizeeka inapasuka shingoni hata bila kupigwa. Peleka polisi zote.

Sasa kwa nini risasi zilipotea? Kwa kaliba nyingi za Waingereza sababu ni moja, Kynoch aliacha kutengeneza risasi za raifo kubwa za uwindaji kufikia 1970 hivi, na bunduki zikabaki bila chakula. Hata .404, iliyokuwa bunduki ya kazi ya idara ya wanyamapori ya Tanganyika, ikaadimika. Miaka ya 1990 kampuni ya Kynamco huko Uingereza ikaanza kuzitengeneza tena kwa jina la Kynoch, kwahiyo saizi ambayo duka la mtaani linakwambia haipo duniani huenda ipo, ni ghali tu. Kwa .303 wapo Sellier & Bellot wa Czech, kwa 9.3x62 wapo Norma wa Sweden na RWS wa Ujerumani. Njia ni kwenda kwa muuzaji mwenye leseni na vipimo vya fundi mkononi, anaomba kibali cha kuingiza, unasubiri. Jamaa akikwambia anazo za magendo kutoka mpakani kimbia.

Nusu otomatiki za zamani, kama Winchester 1907 inayokula .351, ni kisa kigumu zaidi. Bunduki ya bolti unaifungua mwenyewe kwa mkono, hii inajiendesha kwa nguvu ya baruti yenyewe. Ile Winchester haina hata kufuli, inazuiwa na uzito wa bolti na springi tu, kwahiyo ukibadili nguvu ya risasi umebadili na mwendo wa mashine yote: ikiwa dhaifu inakwama ganda katikati, ikizidi inagonga nyuma mpaka vyuma vinapasuka. Springi ya miaka mia nayo imechoka. Risasi zake zimeshaacha kutengenezwa kwa wingi viwandani, hivyo kwa maoni yangu hiyo usiipigie tena.

Ukishapiga risasi za zamani za jeshi, za .303 hasa (za dukani, sio zile za sandukuni), jua fataki yake, ile ya kitakoni inayowasha baruti, inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haitoki kwa mafuta. Hakikisha bunduki tupu, toa bolti, mimina maji ya moto kwa faneli kutoka upande wa chemba, kausha kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, ndio upake mafuta mepesi, siku hiyo hiyo.