Ukipima mengi, kaza kigezo

Ukichambua vipimo 20 kutafuta kipi kinahusiana na ugonjwa fulani, usishangilie haraka kile kimoja kilichotoa thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makali zaidi iwapo hakuna uhusiano) chini ya 0.05, kigezo cha kawaida. Hata kama hakuna uhusiano wowote, na vipimo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kuangukia hapo kwa bahati tu ni karibu asilimia 64. Piga mwenyewe: 1 toa 0.95 kwa kipeo cha 20.

Dawa rahisi ni kugawa 0.05 kwa idadi ya vipimo vyote ulivyofanya, pamoja na vile ulivyovitupa kimyakimya (hapo ndipo wengi hujidanganya). Kwa 20 kigezo chako kipya kinakuwa 0.0025. Wanajenetiki, ambao hupekua jenomu (DNA yote ya kiumbe) nzima kwa mpigo, huhesabu kama majaribio milioni moja, ndiyo maana kigezo chao ni 0.00000005. Wanafizikia wa chembe nao hudai sigma 5 (matokeo yaliyo umbali wa mikengeuko sanifu mitano kutoka yale ya bahati tu), kiwango kilichofikiwa katika maabara ya CERN mwaka 2012 kwa chembe ya Higgs.

Ila kugawa hivyo ni kukali, huweza kuficha athari ndogo za kweli. Kama unachuja tu vya kufuatilia baadaye, mbinu ya wanatakwimu Benjamini na Hochberg ya 1995 inafaa zaidi: inadhibiti sehemu ya matokeo ya uongo miongoni mwa uliyoyatangaza.