Jinsi ya kuandaa safari ya mafunzo ya picha za mandhari Ziwa Natron

Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, liko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta. Jua la huko hupanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi, ule unaochora kila mkunjo wa mlima, hudumu kama nusu saa tu. Anayefuata miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huja akidhani ana saa nzima au mbili, na mara nyingi tripodi inapokaa sawa mwanga umeshakuwa mkali. Ndiyo maana ratiba ya siku nne hujengwa juu ya nusu saa mbili za kila siku, ya alfajiri na ya jioni. Chakula, masomo, usingizi na matembezi hutafutiwa nafasi pembeni.

Nusu saa hiyo ndiyo pia inayoamua idadi ya washiriki. Mkufunzi akimpa kila mmoja dakika nne, watu sita wanamaliza dakika 24. Wakifika kumi, watatu watarudi kambini bila kusaidiwa, nao wamelipa sawa na wenzao. Chukua sita kwa mkufunzi mmoja, na wakizidi wanane tafuta mkufunzi wa pili. Magari yawe mawili hata kama wote wangeenea kwenye moja, kwa sababu mabegi ya kamera hula nafasi, na gari moja likikwama lipo la kulivuta.

Mpiga picha asiye na leseni ya biashara ya utalii (TALA) asiuze safari hii peke yake. Ungana na kampuni yenye leseni: wao washike usafiri, kambi na vibali, wewe ushike mafunzo. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kibali hakipatikani getini. Kama hakijatoka kabla ya safari, droni ibaki nyumbani.

Mwezi upi

Mlima Ol Doinyo Lengai, wenye mita 2,962, uko kusini mwa ziwa. Ukisimama ufukweni unautazama ukielekea kusini, na hilo linabadilisha kila kitu. Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo asubuhi linatokea nyuma ya bega lako la kushoto na kuumulika uso wa mlima ulio mbele yako. Desemba na Januari jua liko kusini: uso huo huwa na kivuli zaidi, na picha nzuri za wakati huo ni za umbo la mlima mweusi chini ya mawingu. Januari na Februari hewa huwa safi baada ya vuli. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi huweka utando angani, na picha za lenzi ndefu hupauka. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwani makorongo yanayokata barabara hujaa maji ghafla.

Kosa la wageni wengi ni kuamini saa ya machweo iliyoandikwa kwenye simu. Magharibi ya kijiji cha Engare Sero umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, na jua hujificha nyuma yake mapema kabla ya kuzama kwenye upeo. Simu inasema saa kumi na mbili na nusu, nawe chini ya ukuta uko kivulini zamani. Jioni peleka kundi mashariki, mbali na ukuta, au elekeza lenzi ya milimita 70–200 kileleni mwa Lengai, ambako mwanga hubaki wakati bonde limeshaingia giza.

Magadi

Hapa ndipo vifaa hufa. Ufukwe una gamba jeupe la magadi juu na tope laini chini. Gamba linabeba ndege lakini halibebi mtu, kwa hiyo mwongozaji wa kijijini atangulie na fimbo, na kundi likanyage alipokanyaga yeye. Viatu viwe vya mpira vilivyochakaa. Miguu mitupu hapana: magadi huchoma kila mpasuko wa ngozi.

Kwenye tripodi, vuta kwanza kipande cha chini kabisa, kile chembamba, hata kama urefu hauhitajiki, ili kufuli za miguu zikae juu ya tope. Chini ya kila mguu weka kipande cha plaiwudi cha sentimita 10 kwa 10; bila hicho tripodi huzama polepole wakati shata iko wazi, na picha hutoka na ukungu ambao mwanafunzi atadhani ni kosa la fokasi. Jioni hiyohiyo, isingoje kesho, fungua miguu yote na uisuuze kwa maji baridi. Tenga dumu la lita 20 kwa kazi hiyo tu. Magadi yakikauka ndani ya nyuzi za kufuli hugeuka chembe ngumu na kuzisaga, na yakikaa juu ya alumini huila. Miguu ya kaboni huvumilia zaidi, ila nayo mara nyingi ina kufuli za alumini.

Alasiri upepo mkali huamka na kuinua vumbi la magadi. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Anayeweza aje na kamera mbili, moja yenye lenzi pana na nyingine yenye ndefu, asibadilishe kitu uwanjani.

Mipangilio ya kuanzia

Kwa mandhari ya ufukweni anza na f/11, ISO 100, faili za RAW. Kwenye kamera ya sensa kubwa yenye lenzi ya milimita 16, weka fokasi kwenye umbali wa mita moja hivi. Kuanzia nusu mita hadi mlimani vitakuwa vikali. Kwa milimita 24 isogeze hadi mita mbili. Wanaolenga mlima wenyewe hupoteza nyufa za magadi zilizo miguuni pao, na nyufa hizo ndizo zinazoibeba picha.

Gamba jeupe huidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na ufukwe unatoka kijivu. Ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, maana kioo chenyewe hakiaminiki kwenye jua kali. Pale anga na ardhi vinapopishana sana, piga picha tatu zilizopishana kwa stopu mbili mbili. Filta ya polaraiza ivuliwe kwenye lenzi pana kuliko milimita 24, la sivyo anga litatoka na doa la bluu iliyokolea upande mmoja.

Kwa usiku, panga safari iangukie mwezi mwandamo. Julai na Agosti, kati ya saa tatu na saa tano usiku, kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way), ule mkanda wa nyota, husimama juu sana upande wa kusini, juu ya Lengai. Kwa kuwa kiko juu, lenzi iwe ya milimita 14 hadi 20 na kamera isimame wima, ama sivyo utapata mlima au nyota, si vyote viwili. Anza na f/2.8, sekunde 20, ISO 3200. Fokasi ipatikane kwa kukuza nyota angavu mara kumi kwenye kioo, kisha pete ya lenzi ifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Taa za kichwa ziwe nyekundu, na madereva waambiwe mapema: taa moja ya gari huharibu picha za watu sita.

Maporomoko ya Engare Sero yanafaa alasiri, ukuta ukishaziba jua, kwani madoa ya jua juu ya mwamba huungua kwenye picha. Shata ya robo hadi nusu sekunde huacha maji na nyuzinyuzi zake. Ukipita sekunde mbili yanakuwa pamba.

Ratiba

Ondokeni Arusha saa moja asubuhi, kupitia Mto wa Mbu na Engaruka. Tenga saa sita hata kama dereva anasema tano. Jioni ya kwanza ni ya kutembea na kuchagua mahali pa kusimama kesho, kwa sababu alfajiri gizani hakuna anayechagua vizuri. Siku ya pili na ya tatu kundi liwe limesimama kwenye nafasi zake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mchana joto hukaribia nyuzi 40, basi somo lifanyike kivulini: kila mmoja alete picha tatu tu, na mkufunzi afundishe jambo moja kwa kipindi. Siku ya nne, baada ya alfajiri ya mwisho, mnarudi. Kila mtu abebe betri tatu, na picha zinakiliwe mahali pawili kabla ya kulala. Maji ya kunywa ni lita nne kwa mtu kwa siku.

Ushuru wa vijiji na mageti uulizwe wiki ya safari, na fedha taslimu ziwepo. Picha za Wamaasai na maboma yao hupigwa kwa makubaliano yaliyofanywa kabla, kupitia uongozi wa kijiji, malipo yakijulikana. Usipige ukitokea dirishani. Heroe wadogo (flamingo) huzaliana hapa kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Wakianza kuinua shingo na kutembea pamoja, umeshasogea mno: rudi nyuma, tumia lenzi ndefu.

Mvua ikinyesha juu ya ukuta wakati wa kurudi, korongo likiwa na maji ya kasi, zimeni magari na kusubiri. Mara nyingi maji hupungua ndani ya saa chache. Dereva apite tu baada ya mtu kuweza kutembea hadi ng'ambo bila maji kumfika goti.