Jifunze neno "perishable" ukiwa sokoni Majengo, Dodoma

Wanafunzi wangu wa Kiingereza, hasa wafanyabiashara, hulikuta neno hili kwenye karatasi za mizigo wakakwama. Chukua daftari, twende sokoni.

Hatua ya 1: Litamke. Mazoea ya Kiswahili hutufanya tuseme "peri-SHA-bo". Mkazo uko mwanzoni: "PE-ri-sha-bo".

Hatua ya 2: Tenga bidhaa. Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika vinavyoharibika upesi: nyanya, mchicha, samaki wabichi, maziwa, papai. Hizo ni "perishable goods". Kulia andika mahindi makavu, mtama, maharage, chumvi: hizo ni "non-perishable". Gunia la mahindi makavu kutoka Kibaigwa hukaa miezi. Tenga la nyanya halina hata wiki mbili kwenye joto letu. (Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, ni habari nyingine, usinianzishie.)

Hatua ya 3: Usilichanganye na kuoza. Hapa ndipo wengi huanguka. Nyanya iliyochumwa leo asubuhi, ngumu na safi, tayari ni "perishable". Neno linaeleza tabia ya bidhaa, halisemi imeharibika. Ikishaoza inaitwa "rotten". Kwa hiyo ukimwambia mteja "these tomatoes are perishable", hujamwonya kwamba ni mbovu, umemwambia aziwahi. Maziwa yakichacha ni "sour", na mkate uliokaa ukakauka ni "stale".

Hatua ya 4: Chukua zao moja, liweke pande zote mbili. Mimi hutumia zabibu, maana Dodoma hazikosi msimu ukifika. Mbichi zinaandikwa kushoto. Zilizokaushwa zinahamia kulia. Andika: "Fresh grapes are perishable, but dried grapes are not." Kisha tunga sentensi yako kuhusu mlenda: mbichi hunyauka mapema, ukianikwa na kutwangwa unakula mpaka kiangazi. Ukiweza sentensi hiyo bila kutazama daftari, neno ni lako.

Hatua ya 5: Ndugu zake. "Perishables", yenye s, ni jina la bidhaa hizo kwa jumla. Kitenzi "perish" kitumie kwa tahadhari: magazeti ya Kiingereza hukiandika kwa watu waliokufa kwenye moto au meli iliyozama. Ukizungumzia nyanya zako, sema tu "they go bad quickly".