Kabla ya kumwaga dawa bwawani: jinsi ya kukagua vimelea vya sato na kambale kwa hadubini

Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza vifaranga wengi wa sato ndani ya siku mbili. Alfajiri walikuwa wanapanda juu kuhema, nami nikaamua kwamba ni vimelea. Nikawatia kwenye maji ya chumvi, wakazidi kufa. Rafiki yangu aliyesomea magonjwa ya samaki alipokuja na hadubini, tulifungua mashavu ya vifaranga watano waliobaki na hatukuona kimelea hata kimoja. Maji ndiyo yalikuwa yameishiwa hewa, kwa sababu ya mwani uliooza chini ya bwawa. Tangu siku ile, hapa kwetu kandokando ya Mwanza, dawa haigusi maji kabla sijatazama ute wa samaki.

Hadubini ya kawaida ya shuleni, inayokuza mara 40, 100 na 400, inatosha kazi yote ninayoieleza hapa.

Hatua ya 1: Watazame kabla ya kuwagusa

Nenda bwawani alfajiri, kisha urudi saa sita mchana. Samaki wanaohema juu alfajiri na kutulia jua linapopanda wanalia hewa. Wanaohema hata mchana, wanaojisugua kwenye ukuta au kwenye nguzo, waliobana mapezi, au waliofunikwa na ute wa kijivu kama ukungu, hao ndio wa kukaguliwa. Kifaranga wa kambale aliyeelemewa mara nyingi husimama wima majini, sharubu juu.

Hatua ya 2: Chukua walio hai

Wafugaji wengi hukosea hapa. Wanaokota mizoga iliyoelea na kuipeleka kwa mtaalamu. Vimelea vingi vya ngozi na mashavu hufa au humhama samaki saa chache baada ya kufa kwake, kisha bakteria wa kuoza hujaa kila mahali. Utakachokiona ni uozo tu. Chukua watano wenye dalili na wawili wanaoonekana wazima, uwabebe kwenye ndoo yenye maji ya bwawa lao. Wale wawili ni muhimu sana, kwa sababu karibu kila samaki ana vimelea vichache. Bila wao hutajua vichache ni vingapi na vingi ni vingapi.

Hatua ya 3: Kwangua ute

Weka tone la maji ya bwawa katikati ya slaidi, kile kipande cha kioo kinachowekwa chini ya lenzi. Usitumie maji ya bomba, maana klorini huua vimelea na kimelea kilichokufa ni kigumu kukitambua. Mshike samaki kwa kitambaa kibichi. Kwa ukingo wa kioo kifuniko, pitisha taratibu kutoka nyuma ya kichwa kuelekea mkiani, kisha nyuma ya pezi la ubavuni, mahali ambapo vimelea hupenda kujificha. Unataka ute, si magamba. Uchanganye na lile tone, funika, na uutazame ndani ya dakika chache kabla haujakauka. Kata pia kipande kidogo cha ncha ya pezi la mkia ukiweke kwenye slaidi nyingine. Samaki huyu unaweza kumrudisha majini.

Hatua ya 4: Mashavu

Kwa mashavu inabidi samaki mmoja au wawili wafe. Wauwe haraka kwa pigo moja kichwani, wasiteseke. Kata kifuniko cha shavu kwa mkasi, toa upinde mmoja, kisha kata ncha za nyuzi zake nyekundu tu. Zitandaze kwenye tone la maji zisilaliane. Kipande kinene hakipitishi mwanga.

Hatua ya 5: Tafuta kinachosogea

Anza na lenzi ndogo kabisa na upunguze mwanga. Mwanga mkali hufuta kila kitu chenye mwili mwangavu. Duara lenye ukingo mweusi mnene usiosogea ni povu la hewa, lipite.

Kisahani kinachozunguka kama pia, chenye duara la meno katikati, ni Trichodina. Upana wake ni takribani sehemu ya ishirini ya milimita. Chakula chake hasa ni bakteria na takataka za majini, kwa hiyo nikimwona kwa wingi husoma habari za bwawa kabla ya habari za samaki: chakula kinabaki, samaki wamebanana, maji hayabadilishwi. Ukimuua bila kurekebisha hayo, atarudi.

Donge kubwa jeusijeusi linalojiviringisha polepole, lenye kiini kilichopinda kama mwezi mwandamo, ni kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe, Ichthyophthirius. Kwa huyu hata mmoja ananitosha kuchukua hatua. Akishiba hutoka mwilini mwa samaki, hutulia chini na kugawanyika kuwa watoto mamia kadhaa, ambao lazima wapate samaki ndani ya siku moja au mbili. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko wote huchukua takribani wiki moja au pungufu. Maji yanayozidi nyuzi 30 humdhoofisha, hivyo mchunge zaidi katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na nyanda za juu kama Iringa na Mbeya.

Kijinyoo kinachojivuta na kujikunja kama ruba, kikiwa na ndoano nyuma, kitazame kichwani. Ukiona madoa meusi ya macho, ni wale wa mashavuni wanaotaga mayai. Kwa sato mara nyingi ni Cichlidogyrus. Kama hana macho, angalia tumboni mwake: utaona ndoano nyingine, za mtoto, na wakati mwingine ndani ya mtoto huyo mjukuu ameshaanza kuumbika. Huyo ni Gyrodactylus. Anazaa, hatagi, ndiyo maana anaongezeka kwa kasi ya kutisha.

Kwa ukuzaji wa mara 400 unaweza kukuta vijimbegu vya duara au yai, visivyosogea, upana wake takribani sehemu ya mia ya milimita, kila kimoja na vifuko viwili kama macho upande mmoja. Ni Myxobolus. Hana dawa. Tenga kundi hilo, na likitoka, kausha bwawa na utie chokaa.

Hatua ya 6: Hesabu, andika

Hesabu vimelea kwa ukuzaji wa mara 100, ukisogeza slaidi na kuhesabu sehemu kumi tofauti, uandike wagonjwa na wazima kando kando, pamoja na tarehe na joto la maji.

Hatua ya 7: Chumvi kwanza

Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000. Gramu 3 tu kwa lita ni kilo 600 za chumvi. Kwa hiyo tibu kwenye tangi au beseni. Kwa Trichodina na vijinyoo natumia gramu 10 kwa lita, yaani kilo 1 kwa lita 100, kwa muda usiozidi dakika 30, hewa ikipulizwa. Yeyusha chumvi kwanza. Jaribu vifaranga watano, uwatazame hadi kesho yake. Samaki akianza kulala ubavu, watoe wote mara moja.

Mayai ya vijinyoo hayafi kwa chumvi, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7. Madoa meupe yanahitaji njia nyingine, maana kimelea kimejifukia chini ya ngozi na dawa humpata akiwa nje tu: gramu 3 kwa lita, mfululizo, kwa siku 7 hadi 10, huku ukinyonya uchafu wa chini kila siku.

Fomalini huua vimelea hivi, lakini hula oksijeni ya maji na hudhuru macho na mapafu ya anayeishika. Mwachie daktari wa mifugo. Malakaiti ya kijani, rangi ambayo wengine huitumia kama dawa ya vimelea, usiitumie kabisa kwa samaki wa kuliwa, mabaki yake hukaa nyamani.

Hatua ya 8: Wageni

Nchini Norway, Gyrodactylus salaris aligunduliwa mwaka 1975. Aliingia na vifaranga wa salmoni kutoka nje, akaenea kwenye mito karibu 50, na mito mingi ikabidi imwagwe sumu ya rotenoni. Vifaranga unaonunua watenge siku 14 wakiwa na wavu wao na ndoo yao. Chukua ute siku ya kwanza, ya saba na ya 14. Ukikuta kimelea siku ya 14, anza kuhesabu upya.