Simu ya WhatsApp inatokea spika kubwa? Irudishe sikioni

Jirani akipokea simu ya WhatsApp, kibaraza kizima kinasikia habari za mkopo wake. Alishaambiwa abadilishe spika, kumbe spika nzima kabisa. Hatua hizi ni za Android. iPhone iko mwishoni.

1. Piga simu ya kawaida kwa laini. Ukisikia sikioni, usimpe fundi hela. Usiposikia, sugua wavu wa juu kwa mswaki mkavu.

2. Piga ya sauti, si ya video. Ya video huanza na spika kubwa kwa sababu simu huwa umeishika mbali na uso. Gusa alama ya spika izimike.

3. Bluetooth. Hapa ndipo watu hukesha. Katikati ya maongezi gusa alama ya spika: ikileta orodha ya vifaa, ujue kuna kitu kimejiunga. Mara nyingi ni redio ya gari lililowashwa uani, au spika ndogo ya watoto chumba cha pili. Kifaa ulichokiunganisha zamani hujiunga chenyewe kikiwashwa karibu. Chagua simu yenyewe, sauti itarudi. Ila kifaa kikiendelea kujiunga, kesho utayakuta yale yale. Kwa hiyo ingia Mipangilio, Bluetooth, gusa alama ya mipangilio kando ya jina la kifaa, zima swichi ya simu, acha ya muziki. Taarabu itaendelea kule, maongezi yatabaki sikioni. Kwa gari fikiria kwanza: ukiizima, huwezi kuongea kupitia redio ukiwa unaendesha. Sabufa isiyo na maiki kwa kawaida hupokea muziki tu, usihangaike nayo. Na usikimbilie kukifuta kifaa, utaanza kuunganisha upya bure.

4. Alama ya earphone inaonekana na hujachomeka kitu? Tundu lina uchafu. Chomeka na kuchomoa earphone mara kadhaa. Ikigoma, zima simu, toa vumbi kwa kijiti cha meno taratibu. Sindano sitaki hata kuiona, inakwaruza vyuma vya ndani.

5. Inasikika kwa mbali: ongeza sauti maongezi yakiendelea, maana kiwango chake si kile cha muziki.

Programu za kuhamisha spika siziweki kwenye simu ya mtu. Matangazo matupu.

iPhone: Settings, Accessibility, Touch, Call Audio Routing. Ukikuta Speaker, weka Automatic.