Namna ya kutoka ndani ya gari milango ya umeme inapogoma

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, kitasa cha ndani cha mlango hakivuti tena waya wala chuma chochote, kwa sababu kimegeuzwa kuwa swichi. Ukikigusa, kinatuma ishara kwenye kompyuta ya gari, kompyuta inaamuru mota ndogo iliyofichwa ndani ya mlango, na mota hiyo ndiyo inayoachia komeo. Mlolongo huo wote unahitaji umeme, na umeme wenyewe hautoki kwenye betri kubwa inayoendesha magurudumu, hata gari likiwa la umeme mtupu. Unatoka kwenye betri ndogo, kwa kawaida ya volti 12, ileile inayowasha taa na redio. Betri hiyo ikifa, waya wake ukichomoka au ajali ikiuharibu, swichi ya mlango haifanyi kazi, ijapokuwa dakika chache kabla dashibodi ilikuwa ikionyesha chaji tele.

Watengenezaji wanalijua hilo, na karibu wote huweka njia ya pili ya kufungua, isiyohitaji umeme. Tatizo ni kwamba njia hiyo mara nyingi imewekwa mahali ambapo mtu aliyeingiwa na hofu hawezi kuibahatisha. Mwezi Juni 2015, katika mji wa Port Arthur, jimbo la Texas nchini Marekani, mzee mwenye umri wa miaka 72 alifariki pamoja na mbwa wake ndani ya Chevrolet Corvette ya mwaka 2007, baada ya waya wa betri kulegea na milango kukataa kufunguka. Gari hilo lilikuwa na kishikio cha dharura sakafuni, kando ya kiti cha dereva. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kazi ya kufanywa leo, gari likiwa limeegeshwa na hakuna hatari yoyote, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuokoka inategemea kazi hiyo.

Fungua kitabu cha gari kwenye sehemu inayoeleza kufungua mlango bila umeme, kisha keti katika kila kiti, kimoja baada ya kingine, na utafute kishikio hicho kwa mkono wako. Kukiona kwenye mchoro hakutoshi. Kiguse, kisha fumba macho ukiguse tena, kwa maana moshi au giza la usiku vinaweza kukunyima macho siku utakapokihitaji. Katika Tesla Model 3 na Model Y, milango ya mbele ina kibanio kidogo mbele ya swichi za madirisha, na hufunguka kwa kukivuta kuelekea juu. Katika baadhi ya magari, Lexus NX ikiwa mfano, kitasa kilekile cha umeme hugeuka kuwa cha kawaida ukikivuta mara mbili, na mpango huo naona ni wa busara zaidi, kwa sababu mtu aliyekwama huvuta tena na tena bila kufundishwa. Ukitaka kujaribu kufungua kweli kwa njia hii, teremsha kioo kwanza, kwani milango isiyo na fremu juu ya kioo hutegemea umeme kukishusha kidogo kabla ya kufunguka, na bila hivyo kioo au mpira wake unaweza kuharibika. Katika dharura yenyewe usijali uharibifu huo hata kidogo.

Viti vya nyuma vinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika baadhi ya Tesla Model Y zenye njia hiyo nyuma, ni lazima kwanza uondoe mkeka ulio ndani ya mfuko wa mlango, chini kabisa, ufungue kifuniko, kisha uvute kebo kuelekea mbele ya gari. Katika Model X, ambayo milango yake ya nyuma hupaa juu, ni lazima ung'oe kifuniko cha spika kilicho kwenye mlango, uvute kebo, halafu uuinue mlango kwa nguvu zako. Kuna pia magari ambayo milango yake ya nyuma haina njia ya dharura kabisa. Nasema bila kusita kwamba kumtaka mtoto au mzee afanye mambo hayo ndani ya gari linalowaka ni kasoro kubwa ya usanifu, na ni jambo jema kwamba China imeweka kanuni, itakayoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, inayodai milango ya magari mapya ifunguke kwa njia isiyotegemea umeme, ndani na nje. Lakini magari yaliyopo barabarani leo yataendelea kuwapo kwa miaka mingi. Ikiwa gari lako ni mojawapo ya yale yasiyo na njia ya dharura nyuma, au njia yake ni ngumu hivyo, mpango wa abiria wa nyuma uwe kupita katikati ya viti na kutokea milango ya mbele, na kila anayepanda nyuma aelezwe hivyo kabla ya safari. Kumbuka pia kwamba kufuli ya watoto huzuia kitasa cha nyuma cha ndani, hata umeme ukiwa mzima.

Sasa tuseme umekwama. Kama hakuna moto, maji wala joto kali, huna sababu ya kuvunja chochote: bonyeza kitufe cha kufungua milango yote, jaribu kishikio cha dharura, jaribu milango mingine, na ukishindwa piga simu kuomba msaada. Jua likiwa kali usisubiri sana, kwani joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za kwanza, na mtoto mdogo huathirika upesi kuliko mtu mzima. Kama kuna moshi, moto au maji, basi jambo la kwanza baada ya kufungua mkanda ni kuteremsha madirisha, kabla hata ya kuhangaika na mlango, kwa sababu umeme uliopo sasa huenda usiwepo baada ya sekunde chache, na dirisha lililo wazi halihitaji tena umeme wala ufunguo. Ikiwa gari limepinduka na unaning'inia kwenye mkanda, kaza mkono mmoja dhidi ya paa na ukaze miguu kabla ya kuuachia, usije ukaangukia shingo.

Milango ikigoma na madirisha nayo yakigoma, angalia buti. Magari madogo yenye buti lililotengwa na sehemu ya abiria, yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Septemba 2001, yana kishikio kinachong'aa gizani ndani ya buti, na magari mengi ya masoko mengine yanacho pia. Ukilaza mgongo wa kiti cha nyuma unaweza kutambaa hadi huko na kukivuta. Hakikisha mapema kwamba kiti chako hulala kutoka ndani, na kwamba buti lako lina kishikio hicho.

Njia ya mwisho ni kuvunja kioo, na hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Vioo vya magari ni vya aina mbili. Kimoja ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikipasuka husambaratika kuwa punje ndogondogo. Kingine ni kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Hiki hupasuka lakini hakiachii, na kifaa cha mkononi hakikitoboi njia ya kupita mtu. Kioo cha mbele huwa cha tabaka daima, kwa hiyo usipoteze nguvu zako hapo. Hatari ni kwamba vioo vya pembeni navyo vimeanza kuwa vya tabaka: shirika la waendesha magari la Marekani, AAA, lilieleza mwaka 2019 kwamba karibu theluthi moja ya modeli za mwaka 2018 zilikuwa na vioo vya aina hiyo pembeni. Katika majaribio yake ya vifaa sita vya kuvunjia vioo, vinne vilivunja kioo cha kawaida, yaani kile kilichoimarishwa kwa joto, na hakuna hata kimoja kilichovunja kioo cha tabaka. Aina ya kioo huandikwa kwenye alama ndogo katika kona ya chini ya dirisha. Isome kwa kila dirisha, kwa maana vioo vya mbele na vya nyuma vinaweza kutofautiana, na kioo cha nyuma kabisa mara nyingi ni cha kawaida.

Nunua kifaa chenye springi, kile kinachogandamizwa kwenye kioo hadi sindano yake ifyatuke. Katika majaribio hayohayo vya springi vilifanya kazi vizuri kuliko nyundo, na chini ya maji nyundo huwa ngumu zaidi kuitumia, kwa sababu maji huupunguza kasi mkono unaopiga. Kifunge mahali ambapo mkono unafika mkanda ukiwa umefungwa, si ndani ya kisanduku cha dashibodi, ambacho kinaweza kujikunja katika ajali. Gandamiza karibu na kona ya kioo, si katikati, ugeuze uso pembeni na ufumbe macho. Ushauri unaosambaa sana wa kuchomoa kiegemeo cha kichwa na kutumia vyuma vyake usiutegemee. Kiegemeo hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Gari likitumbukia majini, muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye amefanya majaribio mengi kwa magari halisi, anasisitiza kwamba una takriban dakika moja ya kutoka wakati gari bado linaelea, na kwamba simu isipigwe kwanza. Utaratibu anaoufundisha ni mkanda, dirisha, watoto, kutoka. Mlango usiuguse: maji yaliyopanda sentimita 60 kwenye mlango wenye upana wa mita moja huusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180 hivi, na ukibahatika kuufungua, maji yataingia kwa wingi na kulizamisha gari huku waliokaa nyuma wakiwa bado ndani. Swichi za madirisha kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda baada ya kulowa. Kinachozuia kioo kushuka ni maji yanayokigandamiza, kwa hiyo kishushe kabla maji hayajakifikia. Watoto watoke kabla yako, mkubwa akitangulia ili umshughulikie mdogo asiyejiweza.

Aliye nje na anayetaka kusaidia ajue kwamba vitasa vya nje vinavyozama ndani ya mlango huenda visichomoze bila umeme. Rimoti nyingi za gari zina ufunguo wa chuma ndani yake, na tundu lake huwa kwenye mlango wa dereva, wakati mwingine likiwa limefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Asipokuwa na ufunguo, avunje kioo kilicho mbali zaidi na mtu aliye ndani.

Mkishatoka, nendeni mbali, upande ambao upepo hauwaletei moshi, na ndipo simu ipigwe. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi. Kama gari ni la umeme, waambieni zimamoto tangu mwanzo, kwa sababu betri yake hutoa gesi zenye sumu inapoungua na inaweza kuwaka upya saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya moto kuonekana umezimika. Asirudi mtu kuchukua mkoba.